Miezi minne soba, kisha nini? Vikao vinavyomshika kijana akishatoka getini

Mzazi anayempeleka kijana wake kwenye nyumba ya upataji nafuu, au soba kama wengi wanavyoiita, huwa ameshapita mengi kabla ya kufika getini. Televisheni imeshauzwa, mtungi wa gesi umeshauzwa, simu ya mdogo mtu imeshapotea mara mbili. Ameshakwenda kwa mganga, kwa sheikh au kwa mchungaji. Ameshampeleka kijana kijijini kwa bibi akiamini kuwa akiwa mbali na maskani atatulia, na huko kijijini kijana akapata gongo. Kwa hiyo siku geti linapofungwa nyuma ya mtoto, nyumba nzima hulala usingizi ambao haijaupata kwa miaka.

Usingizi huo unastahili. Ila una hatari yake, kwa sababu familia nyingi huihesabu miezi ya soba kama miezi ya shule: ikiisha, mtoto amehitimu. Nguo mpya zinanunuliwa, pilau linapikwa, mjomba anaahidi kazi. Wiki tatu baadaye mama anagundua kuwa vijiko vya chai vimepungua kabatini.

Wanaoendesha nyumba hizi, ambao wengi wao ni waraibu waliopata nafuu, hawashangai. Wanajua kuwa muda wa ndani humtoa kijana kwenye dawa, lakini kumkalisha nje ya dawa ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina mahali pake: kikao cha waraibu wenzake, jioni, mtaani, bila daktari na bila ada. Ukichunguza kwa nini vijana wawili waliotoka soba moja, mwezi mmoja, mmoja amesimama na mwingine amerudi maskani, swali la kwanza la kuuliza ni nani kati yao aliendelea na vikao.

Kinachotokea ndani

Siku za kwanza ni za arosto. Kwa mtumiaji wa heroini, saa chache tu baada ya dozi kumwishia kamasi na machozi huanza kutoka, vinyweleo vinasimama, tumbo linaharisha, mifupa inauma kana kwamba inapondwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na baada ya wiki moja hivi mwili huanza kulegeza. Arosto ya heroini mara chache humuua mtu mwenye afya, ilimradi anakunywa maji ya kutosha na kuna mtu wa kumwangalia.

Pombe ni habari tofauti, na hapa wazazi wengi hukosea. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo na hata kufa. Huyo aanzie hospitali, chini ya daktari, ndipo aende soba. Vivyo hivyo kwa mtu aliyekuwa akimeza vidonge vya usingizi kama valiamu kwa muda mrefu.

Arosto ikipita, mwili unakuwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Usingizi ni wa mang'amung'amu kwa wiki kadhaa. Chakula hakina ladha, mpira haufurahishi, utani hauchekeshi. Kichwa kilichozoea kupata raha kutoka kwenye kete kimesahau kuipata kwenye ugali na samaki. Ndiyo maana soba nzuri haimwachi mkazi wake alale mchana kutwa. Kuna kuamka alfajiri, sala kwa wanaosali, kufagia uwanja, zamu ya jikoni, kusoma, kikao cha asubuhi, kufua, kikao cha jioni. Mgeni hupewa mwenyeji aliyemtangulia kwa wiki au miezi kadhaa, wakale na wakalale pamoja. Mwalimu aliye mbele yao huenda miaka michache nyuma alikuwa akilala kwenye fremu ya duka palepale walipokuwa wakilala wao. Hawezi kudanganywa. Hila anayoiona leo, yeye aliifanya zamani.

Kikao chenyewe

Kwa mgeni, kikao cha waraibu kinafanana na baraza la jioni, ila baraza hili lina utaratibu. Watu wanakaa kwa duara. Anayeongoza leo wiki ijayo si yeye. Kila anayezungumza anaanza kwa kutaja jina lake moja tu na kusema kuwa yeye ni mraibu, na wote wanamwitikia kwa jina hilo. Halafu anaeleza: leo amepita karibu na maskani na mate yakamjaa, au jana mshahara umeingia na hakulala kwa kuogopa fedha zake mwenyewe. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri ambao hakuuomba. Akimaliza anashukuriwa, anafuata mwingine. Kinachosemwa pale kinabaki pale.

Kinachoponya kwenye mpango huo kinaweza kumshangaza mzazi aliyekwishasema na kusema hadi koo likakauka. Siri yake ni kwamba mzazi anajua madhara ya unga, lakini hajui unga. Kijana akimwambia mama yake kuwa ametamani kuvuta, mama anapigwa na presha. Akiwaambia wenzake kwenye duara, wanatikisa vichwa, kisha mmoja anasema naye Jumanne ilimtokea hivyohivyo, akaenda kukaa kwenye kibanda cha chipsi cha mwenzake mpaka hamu ikapita. Hamu hupita. Hilo kijana hawezi kuliamini kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo.

Utaratibu huu una umri wa miaka karibu 90. Mwaka 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alijikuta peke yake hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, biashara imemwendea kombo na baa iko hatua chache kutoka alipo. Badala ya kuingia baa alianza kupiga simu makanisani akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alipelekwa kwa daktari mpasuaji wa mji huo, Bob Smith, aliyekuwa amezama kwenye ulevi. Walizungumza kwa saa nyingi, na wote wawili waligundua kuwa mazungumzo yenyewe yalikuwa dawa. Kutokana na hao wawili kikazaliwa kikundi cha Alcoholics Anonymous, AA, na hatua zake 12. Mwaka 1953 huko California waraibu wa dawa za kulevya walianzisha cha kwao kwa mtindo huohuo, Narcotics Anonymous, au NA, na hicho ndicho kinachofuatwa zaidi na soba za pwani yetu.

Kitanda na kikao vilikutana mapema. Kuanzia 1939 Dk Smith na mtawa wa Kikatoliki, Sista Ignatia, walikuwa wakilaza walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas hapo Akron, na wanachama wa AA waliingia wodini kuwatembelea, ili mgonjwa akitoka awe tayari ana watu. Mwaka 1949 nyumba ya shambani katika jimbo la Minnesota iligeuzwa kuwa kituo cha walevi kilichoitwa Hazelden. Masharti yake ya mwanzo yalikuwa machache: tulia na tabia njema, hudhuria mihadhara, zungumza na wenzako, tandika kitanda chako, usinywe. Katika miaka ya 1950 hospitali ya serikali ya Willmar, jimboni humohumo, ikafanya jambo ambalo madaktari wengi waliliona la ajabu: iliajiri walevi waliopata nafuu wawe washauri wa wagonjwa, wakifanya kazi bega kwa bega na madaktari na wauguzi. Mchanganyiko huo ulisambaa duniani na unajulikana kwa jina la jimbo lenyewe, mtindo wa Minnesota.

Ulivyotua Unguja

Heroini inayopita pwani ya Afrika Mashariki hutoka Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Pakistan na Iran, kisha huvuka bahari kwa majahazi. Sehemu ya mzigo hubaki njiani, na Zanzibar, Mombasa, Malindi, Tanga na Dar es Salaam zimelipa gharama ya kuwa njiani. Zanzibar ilifungua soba yake ya kwanza mwaka 2009, ikiongozwa na vijana waliokuwa wameacha wenyewe, na wenzao wa Detroit, Marekani, wakasaidia katika mafunzo. Leo nyumba za namna hiyo zipo Unguja na Pemba, na upande wa bara zipo Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Arusha na kwingineko.

Wapo waliojiuliza kama mpango uliozaliwa Ohio utakaa kwenye mji wa Waislamu. Hatua za mwanzo zinamtaka mraibu akubali kuwa peke yake ameshindwa, na kwamba ipo nguvu kubwa kuliko yeye inayoweza kumrudisha kwenye akili timamu. Kwa kijana wa Kizanzibari hilo halikuhitaji tafsiri ndefu. Na mwenye shaka atazame Iran, nchi ya Kiislamu ambayo ni miongoni mwa zenye wanachama wengi zaidi wa NA duniani. Vikao havina dini. Anayesali husali msikitini au kanisani kwake, kikaoni anakuja kuzungumzia uraibu.

Kinachomgusa mzazi moja kwa moja ni hatua ya nne, ya nane na ya tisa. Katika ya nne mkazi anaandika kwenye daftari bila kujificha mabaya aliyoyafanya. Katika ya nane anaorodhesha watu aliowaumiza. Katika ya tisa anawaendea na kurekebisha, pale ambapo kufanya hivyo hakutawaumiza zaidi. Ina maana kuna siku kijana atakaa mbele ya dada yake na kumwambia kuwa laptopu iliyopotea ile likizo aliichukua yeye, na kwamba atailipa kidogokidogo. Familia ijiandae kwa siku hiyo. Wapo wanaoangua kilio na kusema yaishe, hakuna deni, kumbe kijana alikuwa anahitaji kulipa. Wapo wanaofungua mafaili yote ya miaka kumi usiku huohuo. Njia ya kati ni kumsikiliza mpaka mwisho, kukubali malipo hata yakiwa elfu tano kwa wiki, na kumruhusu dada aseme bado ana hasira kama bado anayo.

Mwezi wa kwanza nje

Jambo moja wazazi wengi hawaambiwi, na lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa getini. Mtu aliyekaa soba miezi minne mwili wake umesahau dawa. Dozi aliyokuwa akiivuta au kujidunga zamani na kutembea nayo, leo inaweza kumzimisha pumzi. Mwaka 2003 madaktari wa London walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 wa heroini na dawa za jamii yake waliolazwa kuondolewa sumu. Waliomaliza matibabu vizuri ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa ndani ya mwaka mmoja kuliko walioshindwa njiani. Yaani waliofaulu. Walitoka wasafi, miili haina tena uzoefu, na walipoteleza waliteleza na kipimo cha zamani.

Kwa hiyo kijana akirudi nyumbani, wenye nyumba wajue dalili: usingizi usioamshika, kukoroma kwa namna ya kukaba, pumzi za nadra, midomo au kucha kubadilika kuwa za bluu au kijivu. Hapo si wakati wa kumwagia maji au kumpa maziwa. Alazwe kwa ubavu, njia ya hewa iwe wazi, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali na daktari aambiwe ukweli kuwa ni heroini. Hospitali ina dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi kwa dakika chache, lakini muuguzi aliyeambiwa kuwa mtoto ana malaria hataifikiria. Aibu imeua wengi kwenye benchi la mapokezi.

Kwa sababu ya hatari hiyo, pengo kati ya siku ya kutoka na kikao cha kwanza cha mtaani halipaswi kuwepo. Utaratibu wa zamani wa vikundi hivi humtaka anayeanza ahudhurie vikao 90 kwa siku 90. Kwenye miji yetu si kila mahali kuna kikao kila siku, lakini wazo linaeleweka: mwezi wa kwanza ni wa kubanana. Kijana hupewa kidude cha kuning'iniza kwenye funguo, cheupe cha kumkaribisha, cha rangi ya chungwa akifikisha siku 30, kijani kwa 60, chekundu kwa 90. Mtu mzima anaweza kuona ni mchezo wa watoto. Amtazame kijana aliyepoteza kila kitu akikichezea kile chekundu mfukoni kwenye daladala, ataacha kucheka.

Pia hutafuta mtu wa kumlea kwenye hatua zake, ambaye wengi humwita sponsa. Ni mraibu mwenzake aliyetangulia kwa miaka, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, anayepokea simu saa nane za usiku. Mzazi asimwonee wivu mtu huyo. Kuna mambo ambayo mtoto atamwambia yeye na hatamwambia mama, na hiyo ni nafuu kwa mama pia.

Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1981 unafaa kukumbukwa na kila mwenye soba. Wanywaji 20 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walielezwa habari za vikao, mahali na saa, wakahimizwa waende. La pili, mshauri alipiga simu palepale mbele ya mgonjwa kwa mwanachama wa AA, wakazungumza, mwanachama akajitolea kumpitia na kwenda naye. Fungu la kwanza hakwenda hata mmoja. La pili walikwenda wote. Karatasi yenye anwani haimfikishi mtu kikaoni. Anafikishwa na mtu. Soba zinazowatoa wakazi wake kwenda vikao vya mjini wakiwa bado wanalala ndani, wakazoea sura na wakapata sponsa wa nje kabla ya kuaga, zinafanya nusu ya kazi ya mwezi ule wa kwanza mapema. Zile zinazofanya vikao vyote ndani ya ukuta humwachia kijana mapenzi ya nyumba tu, na nyumba hawezi kuondoka nayo.

Je, kweli inasaidia?

Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayoheshimika kwa kupima ushahidi wa tiba, ilikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 kuhusu AA na tiba zinazowaunganisha wagonjwa na AA. Ilionekana kuwa zinapofanywa kwa utaratibu uliopangwa vizuri, zinawasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na huenda zikapunguza gharama za matibabu. Hizo zilikuwa tafiti za pombe, si za heroini, na mwenye kuuza soba kwa kutumia matokeo hayo bila kusema hivyo anapunja ukweli.

Kwa heroini, dawa yenye ushahidi mzito ni methadoni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ikaanza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, hamu inashuka, na anaweza kwenda kazini.

Hapa pana mvutano ambao wazazi huukuta bila kuonywa. Soba nyingi zimejengwa juu ya kuacha kila kitu, na katika baadhi ya vikao mtu anayekunywa methadoni huambiwa asikilize tu, asizungumze, kwa kuwa bado hajawa msafi. Kijana anayefanya vizuri kliniki anatoka kikaoni akijihisi mwizi. Wengine huacha methadoni ili wakubaliwe, na huko ndiko kwenye ile hatari ya mwili uliosahau. Hilo ni kosa, na linapaswa kusemwa hivyo. Kijana aliye kwenye methadoni asiiache kwa shinikizo la duara lolote. Akitaka kupunguza, azungumze na daktari wake. Atafute kikao kinachompokea alivyo, kwani vipo, au kikundi cha wagonjwa wenzake wa kliniki. Na kijana aliyeshapita soba mara tatu au nne na kurudi kwenye unga kila mara, mzazi asilipe mara ya tano kabla ya kwenda kuuliza kliniki ya methadoni.

Kabla ya kulipa

Soba hazifanani. Zipo zinazoendeshwa kwa moyo na akili, na zipo ambazo ni ukuta na godoro. Mzazi ana haki ya kuingia ndani, kuona vyoo, kuonja chakula na kuzungumza na mkazi bila msimamizi kusimama pembeni. Aulize ni nani anayeshughulikia mgonjwa usiku wa arosto na hospitali ya karibu ni ipi. Aulize kama wakazi hupimwa Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, maana waliojidunga wako hatarini na wagonjwa hawa wanatibika. Aulize pia kama kuna kufungwa minyororo au kuchapwa. Akijibiwa kwa tabasamu kwamba wakorofi hutulizwa, achukue mtoto wake aondoke. Hatua 12 ni za hiari tangu ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuchapwa viboko akakiri kwa moyo kuwa ameshindwa na dawa.

Mtoto wa kike anahitaji maswali zaidi. Nyumba nyingi ni za wanaume, na familia nyingi huona ni heri binti ateketee chumbani kuliko majirani wajue yuko soba. Mara nyingi aliyemwonjesha unga ni mwanamume aliyekuwa naye, na mwanamume huyo bado yuko mtaani akimsubiri. Anahitaji mahali pa kulala penye wanawake watupu, msimamizi wa kike, na kikao ambacho anaweza kusema yaliyompata bila macho ya wanaume. Kama ana mtoto mchanga, swali la nani atamlea litatuliwe kabla ya siku ya kwanza, la sivyo ataondoka siku ya kumi.

Na wazazi wenyewe? Mwaka 1951 mke wa Bill Wilson, Lois, pamoja na rafiki yake walianzisha Al-Anon, vikao vya familia za walevi, kwa sababu waligundua kuwa wao waliokuwa hawanywi nao walikuwa wameugua: kuchungulia mifukoni, kunusa pumzi, kulala na pochi chini ya mto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama wa mraibu hushtuka miaka mingi baada ya nyoka kuondoka. Soba nyingi zina siku ya familia. Inayofaa ni ile inayowakalisha wazazi wao kwa wao bila watoto, waambizane yale ambayo ukweni na msikitini hayasemeki. Mahali pasipokuwepo kikao kama hicho, wazazi watatu waliokutana kwenye foleni ya kuleta sabuni na dawa ya meno wanaweza kukianzisha kwa kikombe cha chai.

Hapo ndipo hupatikana majibu ya mambo madogo yanayoumiza kichwa. Apewe fedha mkononi? Wiki za mwanzo wengi huona bora nauli kuliko noti, na vocha kuliko nauli kama kikao kiko jirani. Aulizwe kila jioni kama amevuta? Afadhali aulizwe kikao kilikuwaje, kisha asiulizwe zaidi. Alale kwenye chumba chake cha zamani, kilichotazamana na maskani? Kama kwa shangazi Mbagala pana nafasi na pana kikao, aanzie huko. Akiteleza siku moja je? Apigiwe sponsa usiku uleule, kabla ya mjomba na kabla ya mjumbe, na asubuhi arudishwe kwenye duara, ambako atahesabu siku ya kwanza upya mbele ya watu ambao wengi wao wameshaihesabu mara kadhaa.

Mzazi anayekwenda kumchukua mtoto wake mwisho wa mwezi huu, basi, kabla ya kusaini daftari la getini amwombe msimamizi mambo mawili: jina la kikao cha jioni hiyohiyo, na mtu atakayempitia kijana nyumbani saa kumi na moja waende naye. Pilau linaweza kusubiri hadi watakaporudi.